Kiti cha Mgeni Barazani

Mtu mwenye njaa anaweza kushukuru kwa chakula alichopewa, na papo hapo akawa na haki ya kuuliza ni nani aliyeamua kuwa apewe chakula hicho, kwa kipimo hicho, na mbele ya watu wale. Shukrani na haki hazigombani. Walakini watu wengi hudhani kuwa zinagombana. Hudhani kuwa asaidiwaye hana budi kunyamaza, na kwamba mkono uliopokea umekwisha kukiziba kinywa. Nataka, msomaji, tuitazame dhana hiyo kwa makini, maana ndani yake limo swali ambalo siku moja utalijibu kwa matendo hata kama hutapenda kulijibu kwa maneno: watu wakiunda chama cha kuwasaidia wengine, ni nani yafaa aketi katika halmashauri ya chama hicho?

Tuchukue mfano mmoja ili tusipotee katika mawazo matupu. Tuseme kuna chama cha hisani cha kuwasaidia wanawake wahamiaji. Chama cha namna hiyo hakitafuti faida. Fedha zikisalia hazigawanywi kwa wenye chama kama mapato ya duka, bali hurudi katika kazi. Juu ya watumishi wake huwekwa halmashauri: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wengine. Hao ndio wapitishao makadirio ya fedha. Hao ndio wamwajirio mkuu wa kazi na kumwondoa akiharibu, wasomao hesabu na kuuliza kila shilingi ilikokwenda. Mwaka huu zinunuliwe cherehani au kichimbwe kisima? Hao ndio waamuao.

Mjumbe wa halmashauri hana mali yake mwenyewe katika chama kile. Yeye ni mshika amana, na amana aliyoishika ina wenyewe wawili: yule aliyetoa na yule aliyekusudiwa kupewa. Aliyetoa ana nguvu ya kudai hesabu, maana akichukizwa hatatoa tena. Aliyekusudiwa kupewa ana nguvu gani? Hapo ndipo penye fundo, na fundo hilo ndilo tutakalojaribu kulifungua.

Kwanza tumjue mhamiaji. Usidhani kuwa mwanamke mhamiaji ni mtu wa nchi za mbali tu, aliyevuka bahari kwa chombo au kwa ndege. Katika jamii zetu nyingi, binti akiolewa ndiye afungaye mizigo na kuacha kwao. Mume hubaki alipozaliwa. Hivyo karibu kila kijiji chetu kina wanawake waliokuja, na pengine huitwa wageni hata wakiwa na wajukuu. Watunga sheria wamelitambua jambo hilo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya, ya mwaka 2016, inamhesabu mtu aliyeolewa au kuoa katika jamii kuwa ni mwanajamii. Naye mwanajamii ana sauti katika mkutano mkuu unaochagua kamati ya ardhi yenye wajumbe 7 hadi 15. Kwa maneno mengine, sheria imekiri kuwa aliyekuja jana aweza kuwa na haki ya kuamua leo.

Tena wako waliohamishwa na vita na wako waliohamishwa na maji. Kwa haya hatuna haja ya kwenda mbali. Katika bonde la chini la Mto Tana, upande wa Garsen kuelekea baharini, kipo kijiji kiitwacho Kilelengwani. Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na ukikaribia bahari hutawanyika, ukafanya vijito, mabwawa, mashamba na malisho. Wapokomo hulima kando yake; Waorma na Wawardei huwaleta ng'ombe wao kwenye maji yale yale wakati wa kiangazi. Neema hiyo moja imekuwa chanzo cha ugomvi mara nyingi, lakini mwaka 2012 ugomvi ulipita kiasi. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba zamu ilifika Kilelengwani. Taarifa za wakati ule zilitaja watu 38 waliouawa, wakiwamo polisi 9. Maelfu ya watu wa makabila yote walihama makazi yao.

Kama kwamba hayo hayakutosha, mto wenyewe huhamisha watu. Mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, ya 2018, na tena ya 2023 na 2024 yaliwaondoa wakazi wa bonde katika nyumba zao. Basi mwanamke mmoja wa bonde hili aweza kuwa mhamiaji mara tatu katika umri wake: mara ya kwanza kwa ndoa, mara ya pili kwa vita, na mara ya tatu kwa maji. Mwanamke huyo si mtoto. Ameendesha nyumba kwa chakula kidogo, amejua njia salama na njia ya hatari, amejua jirani gani huficha watu na jirani gani huwauza. Je, siku msaada unapofika, akili yote hiyo imekwenda wapi hata asiulizwe lolote?

Fikiri jambo dogo, yaani orodha. Msaada ukifika hapana budi majina yaandikwe. Watu wema waketio mbali huona ni rahisi kuandika jina la mkuu wa nyumba na idadi ya watu wake. Kwa kalamu yao kazi imekwisha. Lakini mke wa pili akaaye kando ameingia wapi? Mjane anayeishi kwa shemeji yake ameingia wapi? Mke aliyempoteza mumewe njiani, asijue kama yu hai au amekufa, aandikwe chini ya nani? Maswali haya hayamjii mtu ambaye hajapata kuwa mke wa pili, wala mjane, wala mpotelewa. Si kwa sababu ni mtu mbaya. Ni kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikiri jambo hilo mwaka 2001, lilipotoa ahadi 5 kwa wanawake wakimbizi. Miongoni mwake iliahidiwa kuwa wanawake waandikishwe kila mmoja kwa jina lake mwenyewe, kwamba washiriki katika kusimamia ugawaji wa chakula, na kwamba katika kamati za uongozi wa wakimbizi nusu ya wajumbe wawe wanawake. Angalia mpango wa ahadi hizo. Jina, chakula na kiti vimetajwa pamoja, kana kwamba waandishi waliona kuwa asiye na kiti hupoteza jina lake, na aliyepoteza jina hupoteza chakula.

Jirani ya Tana River, katika Kaunti ya Garissa, ziko kambi za Dadaab ambazo zilianza mwaka 1991 kuwapokea waliokimbia vita vya Somalia. Huko wanawake waliokwenda porini kutafuta kuni walishambuliwa na kudhulumiwa na watu waovu. Habari hiyo ilipoenea ulimwenguni, wahisani walitoa fedha, na mwaka 1998 ukaanza mpango wa kuwagawia wakimbizi kuni. Nia ilikuwa njema, na mpango ulileta nafuu. Walakini kuni zilizogawiwa hazikutosheleza jiko la mwezi mzima, kwa hiyo wanawake waliendelea kwenda porini. Mwanamke apikaye aweza kukuambia bila karatasi wala wino mzigo mmoja wa kuni hupika siku ngapi, na nyumba yenye watoto 6 yahitaji mizigo mingapi. Elimu hiyo haifundishwi chuoni. Halmashauri isiyokuwa nayo ni halmashauri yenye upungufu wa elimu, hata kama wajumbe wake wote wana shahada.

Mpaka hapa huenda umekwisha kukata shauri kwamba wasaidiwao ndio waketi, na wengine waondoke. Usifanye haraka. Shauri jema ni lile lililosikiliza na upande wa pili, na upande wa pili una maneno ya haki.

Wasema kwanza: mgonjwa hajiandikii dawa. Ni kweli. Lakini hapana tabibu wa maana aandikaye dawa pasipo kumwuliza mgonjwa aumwa wapi, na amwambiapo kuwa dawa imemdhuru, tabibu hamjibu kuwa hajasoma. Neno hili basi lathibitisha kuwa ujuzi wa kitaalamu wahitajika barazani. Halithibitishi kuwa ujuzi wa maumivu hauhitajiki.

Wasema pili: mtu hawi hakimu katika kesi yake mwenyewe. Mjumbe anayepokea msaada atajipendelea, au atawapendelea ndugu zake. Neno hili ni zito, nasi hatuna ruhusa ya kulidharau, hasa tukikumbuka Kilelengwani. Baada ya damu kumwagika kati ya majirani, kamati ya upande mmoja yaweza kuwa mshale mwingine. Mahali pa namna hiyo pana haja ya wageni wasioegemea popote, na pana haja ya wanawake wa pande zote mbili kuketi meza moja, ijapokuwa mwanzoni hawatazamani usoni. Lakini dawa ya upendeleo ilijulikana zamani: jambo likimhusu mjumbe mwenyewe au jamaa yake, aseme wazi, atoke nje, wenziwe waamue. Dawa hiyo yamhusu na tajiri pia. Mfanyabiashara aliye mjumbe, ambaye duka lake ndilo linalokiuzia chama mablanketi, naye ana kesi yake mle ndani. Mbona huyo haambiwi kuwa hawezi kuwa mjumbe, ila mwanamke apokeaye blanketi moja ndiye anayeogopwa?

Wasema tatu: kusoma hesabu ni kazi ya waliosoma. Hili lina ukweli wa leo, lakini si ukweli wa milele. Hesabu yaweza kufundishwa, na hesabu isiyoweza kuelezwa kwa lugha nyepesi aghalabu ina jambo la kuficha.

Hivyo basi si kweli kwamba wenyeji, wataalamu na watoaji hawana nafasi. Chama chahitaji ajuaye sheria, ajuaye fedha, na asiyefungamana na yeyote. Wala si kweli kwamba hao peke yao watosha. Baraza zima ni lile lililokutanisha ujuzi wa kitabu na ujuzi wa maisha, pasipo mmoja kumdharau mwenzake.

Sasa tumefika penye hatari iliyofichika zaidi, nayo ni kiti cha pambo. Halmashauri yaweza kumchukua mwanamke mmoja mhamiaji, ikampa kiti, ikampiga picha, ikaandika jina lake katika taarifa ya mwaka, na isibadilike hata kidogo. Mkutano hufanywa kwa lugha asiyoijua vema. Karatasi 40 hutolewa asubuhi ya siku ile ile. Mahali ni mji wa mbali, na nauli hairudishwi. Saa iliyochaguliwa ni ile ya kupika au ya kukamua. Akinyamaza, husemwa kuwa ameridhika. Akisema, huambiwa kuwa jambo lake si la ajenda ya leo. Mtu huyo yumo barazani, na lake halimo. Wazee wetu walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Hawakusema kuwa kila aliyepo lake lipo.

Historia ya Kenya yatupa mfano wa kufikiriwa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kikoloni. Wanachama walikuwa wanawake wa Kiafrika, bali uongozi wa juu ulishikwa na wanawake wa Kizungu. Vilabu vilifundisha ushonaji, upishi, usafi na malezi, na hakuna aliye na akili atakayeyatukana mafunzo hayo. Lakini mwaka ule ule ilitangazwa Hali ya Hatari, na katika miaka iliyofuata wanawake wengi wa Kikuyu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mwanachama aliweza kujifunza sindano na sabuni. Hakuwa na nguvu ya kuweka mezani lile lililomuumiza zaidi, yaani kule kuhamishwa. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 uongozi ulifika mikononi mwa Waafrika wenyewe, na Phoebe Asiyo, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama hicho. Fikiri tofauti iliyopo kati ya kuwa mwanachama na kuwa mwamuzi, nawe utaelewa kiini cha insha hii.

Uko na mfano wa upande wa pili. Katika mtaa wa Southall, magharibi ya London, walikuwa wakiishi Waasia wengi wahamiaji, wakiwamo waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1979 wanawake wa asili ya Asia na wa asili ya Kiafrika na Karibi walianzisha huko chama kiitwacho Southall Black Sisters. Hawakungoja kukaribishwa katika baraza la mtu. Walitengeneza baraza lao. Kwa kuwasikiliza wanawake waliowajia, walitambua kuwa sheria ya uhamiaji ilikuwa mtego. Mke aliyeingia Uingereza kwa ajili ya ndoa, akimkimbia mume mkatili kabla ya muda uliowekwa kwisha, aliweza kuondoshwa nchini. Ilimbidi achague kati ya kupigwa na kufukuzwa. Chama kile, pamoja na vingine, kiliipinga kanuni hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2002 kanuni za uhamiaji zilibadilishwa ili mke wa namna hiyo aweze kupewa ruhusa ya kubaki. Baraza la watu wema wasioujua mtego ule lingeweza kumpa mwanamke yule blanketi na sahani ya wali. Baraza la waliojua lilimtafutia njia ya kutoka mtegoni.

Kutokana na hayo naona kuwa haitoshi kuhesabu viti. Hesabu ni mwanzo mwema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kanuni kwamba katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, na kanuni hiyo ina busara yake. Lakini baada ya kuhesabu, uliza maswali mengine. Je, mjumbe yule aliyetoka miongoni mwa wasaidiwa aweza kuweka jambo lake katika ajenda? Je, aweza kusema hapana, jambo likasimama mpaka lijadiliwe tena? Je, akisema hapana, yeye na watoto wake watabaki salama katika orodha ya msaada? Swali la mwisho ndilo kali kuliko yote. Mtu ambaye chakula chake kitakatwa kwa ajili ya kura yake hana kura. Ana hofu iliyovishwa kanzu ya kura. Halmashauri yenye haki hutenganisha mambo hayo mawili, ikaandika katika kanuni zake kwamba msaada wa mjumbe hautaguswa kwa sababu ya neno alilolisema barazani.

Wala tusimpambe mhamiaji kwa sifa asizokuwa nazo. Mateso hayamfanyi mtu kuwa mwadilifu moja kwa moja. Aliyekuwa mgeni jana, akipata kiti, aweza kuufunga mlango nyuma yake na kuwaambia waliokuja leo kuwa hawana subira. Kwa sababu hiyo viti viwe na muda wake, na atokaye ampishe mwingine aliye karibu zaidi na shida ya sasa. Msemo wetu wamwagiza mwenyeji amkaribishe mgeni siku mbili, na siku ya tatu ampe jembe. Wengi huucheka msemo huo kana kwamba ni wa kumchosha mgeni. Mimi nauona kuwa ni wa heshima: mwenye jembe ana sehemu katika shamba, na mwenye sehemu katika shamba ana neno juu ya mavuno. Kumlisha mtu miaka yote pasipo kumpa jembe wala neno ni kumweka mgeni hata mauti.

Nawe mwanafunzi, usiseme kuwa haya ni mambo ya wazee. Huenda wewe mwenyewe wasoma kwa msaada wa karo, na huenda hujapata kuulizwa jinsi fomu zake zinavyomtaabisha mama yako asiyejua kusoma. Huenda wewe ni kiranja, nawe kila juma waamua mambo ya wenzako, wakiwamo wale waliohamia shuleni kwenu katikati ya mwaka kwa sababu kwao kulichomwa au kulizama. Je, umepata kumwuliza mmoja wao ni kanuni gani ya bweni imuumizayo? Akikujibu, je, una ujasiri wa kuibadili? Tabia ya uongozi haianzi siku mtu anapopewa kiti kikubwa. Huanza katika viti vidogo, na huko ndiko mtu ajifunzako ama kusikiliza ama kujisikiliza.

Siku moja baadhi yenu mtaitwa kuwa wajumbe wa halmashauri, labda Garsen, labda Mombasa, labda katika nchi ambayo ninyi wenyewe mtakuwa wageni ndani yake. Mtapewa faili, maji ya kunywa na orodha ya mambo ya kujadiliwa. Kabla hamjalifungua faili, watazameni walioketi, kisha mjiulize ni nani atakayeishi na uamuzi wa siku ile ambaye hayumo chumbani. Mkimjua, ahirisheni kura mpaka aletewe kiti, apewe karatasi kwa lugha aijuayo, na arudishiwe nauli yake. Mkutano utachelewa. Heri uchelewe, maana uamuzi uliopitishwa kwa haraka bila yeye utamfika yeye kwanza, naye ndiye atakayeubeba.